Mkataba unasema nibebe hasara zote. Nitie saini?

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke, fundi umeme. Nilikuwa nimeajiriwa kwa miaka kadhaa, na mwaka huu niliacha kazi nikaanza kujitegemea. Kazi ndogondogo zilikuja zenyewe: kubadilisha swichi kuu, kuongeza soketi, kutafuta hitilafu. Hakuna mteja aliyenitajia mkataba wala bima, nami sikutaja.

Sasa nimepata kazi kubwa ya kwanza. Kampuni ya ujenzi inataka nitandaze nyaya za jengo zima la ofisi, ghorofa mbili, pamoja na kuchora mpango wa saketi na kuchagua ukubwa wa nyaya. Katika mkataba walionipa kuna kifungu hiki: "Mkandarasi atailinda na kuifidia Kampuni dhidi ya madai, hasara na gharama zote za aina yoyote zitakazotokana na Kazi au kuhusiana nayo kwa namna yoyote ile." Kifungu kingine kinataka nilete cheti cha bima ya dhima kabla sijakanyaga saiti.

Nilipomuuliza msimamizi wa saiti alisema hayo ni maneno ya mawakili tu, kila fundi anatia saini. Fundi mwenzangu naye ananiambia nisipoteze pesa kwa bima, maana kampuni imekata bima ya jengo lote na sisi tuliomo ndani tumeshafunikwa.

Kinachoninyima usingizi ni yaliyompata fundi mmoja ninayemfahamu. Alitoboa ukuta kwa drili akapasua bomba. Maji yalishuka usiku kucha hadi ghorofa ya chini, yakaharibu dari na kompyuta za ofisi ya watu ambao hawakuwa hata wateja wake. Anadaiwa mpaka leo. Mimi nina kijana wa kunisaidia ninayemlipa kwa siku, na vifaa navibeba kwa gari langu. Wakala wa bima amenitajia bima za aina nne, nikatoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Mwingine ananishauri nisajili kampuni ili mali yangu isiguswe. Nianzie wapi? Na wakikataa kubadilisha kifungu, niiache kazi?

Fundi mwenye mashaka

*

Marahaba, binti yangu. Usitie saini bado.

Umefanya vizuri kusita kwenye kifungu hicho, maana ndicho kitakachoamua kama bima utakayonunua itakufaa au haitakufaa. Wengi wanaoanza kujitegemea hukimbilia kwanza kwa wakala wa bima, wanalipa, wanapewa cheti, kisha wanatia saini mkataba wowote wakiamini wamekingwa. Wameanzia mwisho. Bima haifuti deni lako kwa mtu aliyeumia. Inakulipia tu, tena yale iliyokubali kulipa. Kwa hiyo ujue kwanza unaweza kudaiwa nini na kwa sababu gani, halafu uhakikishe mkataba haukuongezei deni ambalo hakuna bima itakayolibeba. Hapo ndipo utajua ununue nini.

Tazama kwanza kilichobadilika ulipoacha ajira. Ulipokuwa umeajiriwa, ukikosea kazini aliyefuatwa ni mwajiri wako. Sheria za nchi nyingi zinamwajibisha mwajiri kwa makosa anayoyafanya mfanyakazi wake akiwa kazini, na ukiumia wewe mwenyewe kwa kawaida kuna utaratibu wa fidia ya wafanyakazi. Ulinzi huo wote uliuacha ofisini siku ile, na hakuna aliyekuandikia barua kukuarifu. Mkandarasi anayejitegemea akikosea, aliyempa kazi kwa kawaida hawajibiki kwa kosa hilo.

Nasema "kwa kawaida" kwa sababu mahakama hazitazami jina lililoandikwa kwenye mkataba peke yake. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walistahili haki za wafanyakazi, kama kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa makaratasi yaliwaita watu wanaojitegemea. Mahakama ilitazama nani hasa anapanga nauli na nani anaamua masharti. Wewe lakini unachora mpango mwenyewe, unakuja na vifaa vyako na unamlipa msaidizi wako. Usitegemee kwamba siku ya matatizo utageuka kuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo.

Sasa, nani anaweza kukudai? Mteja wako, kwa sababu ya mkataba, hilo unalijua. Lakini yule fundi wa bomba alidaiwa na watu ambao hakuwahi kupeana nao hata mkono, na ndivyo sheria ilivyo karibu kila mahali. Sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 iliweka kanuni kwamba anayemletea mwenzake madhara kwa kosa lake ana wajibu wa kuyafidia; kanuni hiyo ilikuwa kifungu cha 1382, na tangu 2016 ni cha 1240. Nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza zinaitegemea kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932. Mwanamke mmoja wa Uskoti alinunuliwa kinywaji na rafiki yake, na alidai kwamba ndani ya chupa kulikuwa na mabaki ya konokono, akaugua. Hakuwa na mkataba na yeyote, maana si yeye aliyelipa. Majaji wakasema mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa watu anaopaswa kuona kwamba kazi yake inaweza kuwadhuru. Weka nyaya mahali pa chupa, utaelewa kwa nini mpangaji wa ghorofa ya chini, mpita njia, au mfanyakazi atakayeshika swichi mwaka kesho wote wanaweza kukudai.

Hata hivyo, si kila kitakachoharibika ni deni lako, na hapa naomba usome taratibu. Anayekudai kwa njia hiyo analazimika kuonyesha kwamba ulizembea, yaani hukufikia uangalifu ambao fundi umeme wa kawaida, mwenye ujuzi wa kazi hiyo, angekuwa nao. Hupimwi kwa fundi bora kuliko wote, wala hupimwi kwa bahati mbaya. Ukitandaza nyaya kwa kufuata kanuni, ukapima, ukakabidhi, kisha mtu mwingine akaja kubadilisha saketi breka akaweka kubwa kupita uwezo wa waya, moto ukitokea una utetezi mzuri sana.

Kifungu ulichopewa kinauondoa utetezi huo. Kisome tena polepole. "Zote." "Za aina yoyote." "Kuhusiana nayo kwa namna yoyote ile." Hakuna mahali kinapotaja kosa lako. Kibarua wa kampuni akiusogeza waya wako ili apitishe toroli, kisha fundi wa rangi akajikwaa na kuvunjika mguu, hasara hiyo inahusiana na kazi yako. Jengo likichelewa kufunguliwa kwa sababu ukaguzi wa umeme ulisogezwa mbele, kodi ya pango waliyoikosa inaweza kudaiwa kwa kifungu hichohicho, hata kama aliyechelewesha ni mkaguzi. Kazi ya fundi mmoja ingebeba hatari za saiti nzima.

Ubaya mkubwa zaidi uko upande wa bima. Bima ya dhima imepangwa kulipa kile ambacho sheria ingekulazimisha ulipe. Ile dhima ya ziada ambayo umeichukua kwa saini yako, ambayo pasipo mkataba usingekuwa nayo, kwa kawaida haimo. Tafuta kwenye hati ya bima, sehemu ya mambo yasiyolipwa, karibu kila mara utakuta sentensi inayosema hivyo. Maana yake ni kwamba unaweza kununua bima nzuri, ukalipa kila mwezi bila kukosa, na siku ya tukio kampuni ya bima ikakujibu kwa haki kabisa kwamba hilo ulilibeba mwenyewe. Msimamizi wa saiti anayekuambia ni maneno tu hatakuwepo kulipa.

Kwa hiyo warudishie mkataba ukiwa na kifungu kingine mkononi. Usiandike barua ndefu ya malalamiko, pendekeza tu maneno. Mfano: "Mkandarasi ataifidia Kampuni hasara kwa kadiri tu ambavyo imesababishwa na uzembe wake au wa watu anaowasimamia. Jumla ya dhima ya Mkandarasi katika Mkataba huu haitazidi kiwango cha bima yake ya dhima kilichoonyeshwa kwenye cheti. Mkandarasi hatadaiwa faida iliyokosekana." Mpe mwanasheria wa hapo ulipo ayasome, maana kila nchi ina sheria zake kuhusu kupunguza dhima. Uingereza, kwa mfano, tangu sheria ya mwaka 1977 biashara haiwezi kutumia maneno ya mkataba kukwepa dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake, na nchi nyingine nyingi zina makatazo yanayofanana na hayo. Ukomo wako, yaani hicho kiwango ambacho dhima yako haitazidi, basi utafanya kazi zaidi kwenye mali na pesa kuliko kwenye mwili wa mtu.

Usidhani ukomo ni karatasi isiyo na nguvu. Mwaka 1980 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, liliamua kesi ya kiwanda cha Photo Production kilichoteketea. Mlinzi aliyeletwa na kampuni ya Securicor ndiye aliyewasha moto huo kwa mkono wake. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichoondoa dhima ya kampuni ya ulinzi katika mazingira kama hayo, na majaji wakakiheshimu. Walitazama kwamba pande zote mbili ni za kibiashara, kwamba malipo ya ulinzi yalikuwa madogo, na kwamba mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri ya kukatia bima jengo lake. Hoja hiyo ya mwisho ikariri, kwa sababu utaihitaji mezani: anayeweza kuikatia bima mali kwa urahisi ni mwenye mali.

Utaniuliza kama kampuni kubwa itamsikiliza fundi mmoja. Husikiliza mara nyingi kuliko mafundi wanavyodhani, ikiwa utazungumza na mtu wa mikataba na si msimamizi wa saiti. Mwambie hivi kwa utulivu: kifungu hiki hakikatiwi bima, na mimi binafsi sina mali ya kulipa jengo, ahadi yangu isiyo na bima haiwafaidii ninyi chochote, ila ahadi ndogo yenye bima nyuma yake itawalipa. Mtu wa mikataba anayeijua kazi yake ataelewa.

Tukija kwa fundi mwenzako anayesema mmefunikwa na bima ya kampuni, ushauri huo ndio ulionitia wasiwasi kuliko yote. Ni kweli kwamba kwenye ujenzi huwa kuna bima ya kazi yenyewe, ile inayolipa jengo na vifaa vikiungua au kubomoka kabla ya kukabidhiwa. Lakini aliyekatiwa ni nani? Kama jina lako, au walau maneno "wakandarasi wadogo", hayamo kwenye hati, bima hiyo ni ya wengine. Ukisababisha moto, kampuni ya bima itamlipa mwenye jengo, kisha itasimama mahali pake na kukudai wewe kile ilichomlipa. Hiyo ni haki yake ya kisheria, na ina mawakili wa kuifuatilia. Fundi anayefanya kazi akiamini kuna bima juu yake ndiye anayeletewa hati ya madai na bima hiyohiyo.

Dawa yake ni kuuliza kwa maandishi kabla ya kuanza. Je, wakandarasi wadogo wametajwa kama wakatiwa bima kwenye bima ya kazi? Je, kampuni ya bima imekubali kutowadai? Na ile sehemu ya kwanza ya kila hasara ambayo bima huwa hailipi, nani ataibeba? Omba ukurasa wa hati unaoonyesha majibu hayo. Cheti peke yake hakitoshi, kiwe chao au chako. Cheti kinathibitisha tu kwamba siku kilipotolewa palikuwa na bima. Hakionyeshi masharti, na hakimwongezi mtu ndani ya bima.

Sasa twende kwa wakala wako. Hizo bima nne hazishindani, kila moja inaangalia upande wake.

Ya kwanza, na ndiyo utakayoanza nayo, ni bima ya dhima kwa umma. Inalipa mtu wa nje akiumia au mali yake ikiharibika kwa sababu ya kazi yako, na, jambo ambalo watu hulisahau, inagharimia utetezi wako hata pale ambapo huna kosa. Yule wa bomba angekuwa nayo, dari na kompyuta zingekuwa suala la kampuni ya bima. Lakini isome kwa macho ya fundi umeme. Moto wa umeme hauji siku unayokaza skrubu. Unakuja baada ya miezi, kiungio kilicholegea kikishapata joto la kutosha. Uliza: kazi niliyokwisha kukabidhi imo, au mnanilinda nikiwa saiti tu? Kama haimo, sehemu kubwa ya hatari yako iko nje. Uliza pia kama kuna masharti kuhusu urefu wa kupanda au kazi za kutumia moto, na kama kiwango cha juu ni cha kila tukio au cha mwaka mzima, na kama gharama za wakili zinakatwa ndani ya kiwango hicho. Na ujue kwamba bima hii hailipi kuirudia kazi yako mbovu. Ukikosea saketi, dari iliyoungua inaweza kulipwa. Nyaya mpya na siku zako za kuzitandaza upya ni juu yako.

Ya pili ni bima ya dhima ya kitaaluma. Ungekuwa unatandaza tu kwa kufuata mchoro wa mhandisi, ningekuambia usubiri. Lakini umeandika kwamba utachora mpango na kuchagua ukubwa wa nyaya. Huo ni usanifu, na makosa ya usanifu au ushauri huwa yameondolewa kwenye bima ya umma. Ukikosea hesabu ya mzigo, jengo lisiungue wala mtu asiumie, ila mteja akalazimika kubadilisha kila kitu, hiyo ni hasara ya pesa tupu, na bima ya kitaaluma ndiyo inayoiangalia. Inafanya kazi tofauti na ile ya kwanza. Bima ya umma kwa kawaida hutazama tukio lilitokea lini. Ya kitaaluma hutazama madai yaliletwa lini: bima lazima iwe hai siku madai yanapofika, na kazi iwe imefanyika baada ya tarehe ya kuanzia iliyoandikwa kwenye hati. Ukiisitisha mwakani kwa sababu kazi imekwisha, mchoro wa mwaka huu unabaki hauna kinga. Bei yake ikikushinda, kuna njia nyingine halali: iombe kampuni imlete mhandisi achore na kutia saini, wewe ubaki na utandazaji. Binafsi, kwa mtu anayeanza, naipenda njia hiyo.

Ya tatu inamhusu kijana wako. Kumlipa kwa siku hakumfanyi mtu wa nje. Anafanya unavyomwelekeza, kwa vifaa vyako, saa unazopanga wewe. Sheria za nchi nyingi zitamhesabu kuwa mfanyakazi wako, na bima ya umma huwa imewatoa wafanyakazi. Akianguka kwenye ngazi au akipigwa na umeme, wewe ndiye mwajiri, na kosa lake kwa mtu mwingine pia ni lako. Katika nchi nyingi bima ya wafanyakazi ni lazima kisheria, hata kwa mtu mmoja. Tafuta kanuni ya kwenu wiki hii, usingoje kazi ianze. Hili si suala la mali yako tu. Kijana huyo amekuamini, na umeme hausamehe anayejifunza.

Ya nne ni ya gari. Bima yako ikisema gari ni la matumizi binafsi, ukipata ajali ukiwa umepakia nyaya na ngazi kuelekea saiti wanaweza kukataa madai. Bima ya umma nayo haigusi ajali za barabarani. Badilisha matumizi kwenye hati. Kuhusu vifaa na kipato chako ukiumia, kata ukipata nafasi, lakini usianzie hapo. Kupoteza drili kunauma, ila hakuwezi kukufilisi.

Unapojaza fomu, sema kweli yote. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, jaji Lord Mansfield alieleza kwamba mkataba wa bima unasimama juu ya kubahatisha jambo la mbele, na mambo ya kupimia bahati hiyo mara nyingi anayajua mwombaji peke yake. Akiyaficha, anamdanganya mwenzake. Sheria zimelainishwa tangu hapo, lakini msingi umebaki. Ukiandika "ukarabati mdogo wa nyumba" ili ulipe kidogo, kisha ukaenda kutandaza jengo la ofisi, umejitengenezea sababu ya kukataliwa. Andika kila aina ya kazi unayoifanya, msaidizi uliye naye, na madai yoyote ya nyuma.

Kusajili kampuni ni jambo jema, lakini si kwa sababu uliyoambiwa. Tangu kesi ya Salomon, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1896, inajulikana kwamba kampuni ni mtu tofauti na mwenye hisa, na madeni ya kampuni si yake. Hilo linasaidia kwenye madeni ya kibiashara. Lakini mkono uliolegeza kiungio ukiwa ni wako, aliyeumia anaweza kukudai wewe binafsi kwa uzembe wako, kampuni iwepo isiwepo. Kwa fundi anayefanya kazi kwa mikono yake, kampuni haichukui nafasi ya bima.

Jizoeze pia kutunza kumbukumbu, maana kesi nyingi zinaamuliwa na makaratasi. Piga picha nyaya kabla hazijazibwa ukutani. Andika vipimo vya kila saketi: upinzani wa ganda la waya, uendelevu wa waya wa ardhi, muda wa kukata wa kifaa cha kinga. Mabadiliko yote ya mteja yawe kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu, na makabidhiano yawe na saini na tarehe. Hati za bima za zamani zihifadhi pamoja na kumbukumbu hizo. Madai yanaweza kuja baada ya miaka kuhusu tukio la wakati bima ile ilipokuwa hai.

Na likitokea la kutokea, okoa watu, kata umeme, kisha iarifu kampuni ya bima siku hiyohiyo hata kama hakuna aliyekudai bado. Onyesha utu kwa walioathirika, lakini usikiri kosa wala usiahidi kulipa. Hati nyingi zinakataza hivyo, na ahadi uliyoitoa kwa huruma inaweza kuwa sababu ya bima kukataa.

Umeuliza uiache kazi wakikataa. Wakikubali neno "uzembe" liingie kwenye kifungu lakini wakakataa ukomo, ningeichukua, ila ningepandisha kiwango cha bima na kuiweka gharama yake ndani ya bei. Wakikubali ukomo lakini wakakataa neno "uzembe", peleka kifungu chenyewe kwa kampuni ya bima uulize kwa maandishi kama wataibeba dhima hiyo; baadhi hukubali kwa nyongeza ya malipo. Wakikataa yote mawili, na wakakataa pia kukuonyesha kama wakandarasi wadogo wamo kwenye bima yao ya kazi, iache. Warudishie mkataba bila saini, waambie kwa heshima kwamba uko tayari kufanya kazi zao nyingine kwa masharti yanayokatiwa bima, na uendelee na zile swichi na soketi, safari hii ukiwa na bima ya dhima kwa umma tangu kazi ya kwanza.